Kazi ya Berlin nilikuta inanisubiri, watu nilikwenda kuwatafuta mwenyewe

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikisoma humu bila kuandika. Nyuzi za kwenda Ujerumani ni nyingi na maswali ni yaleyale: visa, mshahara, kozi ya lugha, chumba. Ni maswali ya msingi. Ila kilichonitesa mimi Berlin hakimo kwenye orodha hiyo. Huu ni mwaka wangu wa nne hapa, naandika programu katika kampuni ya usafirishaji mizigo, na nimeona niweke jambo ambalo sikulisoma popote kabla ya kupanda ndege. Kazi unaipata, mshahara unaingia tarehe yake, halafu unagundua huna mtu wa kumwambia kwamba umeingia.

Nitaandika kwa vipande, mnivumilie.

Nianze ofisini. Nilikotoka, kazini ndiko urafiki unakoanzia. Mchana mnakula pamoja, jioni mnaongozana hadi kituoni, mwezi wa pili unajua mama yake anasumbuliwa na nini. Berlin nilikuta watu wapole, wepesi wa kusaidia. Ukiuliza jambo la kazi wanakueleza mpaka uridhike. Ikifika saa kumi na moja jioni kila mmoja anafunga kompyuta, anaaga "schönen Feierabend", anatoweka. Feierabend ni muda wako wa baada ya kazi, na hapa hakuna anayeugusa. Miezi mitatu niliamini wananikwepa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza ninaishi na nani.

Kisha likaja suala la "ndiyo" yangu. Kwenye kikao bosi aliniuliza kama kipande fulani cha kazi kitakuwa tayari Ijumaa. Nilijua hakiwezi. Nikajibu, "Ndiyo, nitajitahidi." Ninyi mliokulia kwenye Kiswahili mmeshaelewa nilichosema: nilikataa kwa adabu. Yeye alisikia ahadi. Akaiandika, akawajulisha wateja. Ijumaa ilipofika mikono mitupu, akanieleza mbele ya watu saba, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba nilimpa taarifa isiyo ya kweli. Nilikwenda chooni nikakaa dakika kumi. Nilikuwa mwezi wa nne wa Probezeit, muda wa majaribio ambao kisheria unaweza kufika miezi 6, na ndani yake upande wowote unaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya wiki 2. Nikaanza kuhesabu akiba yangu.

Mchana uleule bosi huyohuyo akaja mezani kwangu kuniuliza kama nataka kahawa. Hana kinyongo wala haigizi. Kwake neno lilishasemwa, likaisha. Ilinichukua karibu mwaka kuzoea kwamba mtu anaweza kuikosoa kazi yako asubuhi na mchana akakupenda vilevile. Na ilinichukua muda huohuo kujifunza kutamka, "Ijumaa haiwezekani, itakuwa Jumatano." Mara ya kwanza mikono ilinitetemeka chini ya meza. Yeye akaitikia kwa kichwa, akaandika Jumatano, tukaendelea.

Haki za kazi nazipita haraka. Kiwango cha chini cha likizo kisheria ni siku 20 kwa anayefanya kazi siku tano kwa wiki, na mikataba mingi ya ofisini inatoa karibu 30. Ukiugua, mwajiri anaendelea kukulipa mshahara hadi wiki 6, mradi umeshafanya kazi kwake wiki 4. Usiende kazini na homa kuonyesha bidii. Watakurudisha, na watakasirika. Kuhusu mshahara, ile namba iliyo kwenye mkataba isikudanganye: kodi na bima kwa mtu asiye na ndoa mara nyingi huondoka na zaidi ya theluthi moja.

Jioni nitaendelea na kilichonileta hasa.

mwanafunzi_B1

Mkuu, hapo kwenye "nitajitahidi" umenigusa. Mwalimu wetu wa kozi ametukataza kabisa kutumia neno "labda". Endelea, tunasubiri.

Mleta uzi

Nimerudi.

Majira ya baridi ya kwanza ndiyo yaliyonionyesha hali yangu. Desemba jua la Berlin linachomoza saa mbili imeshapita na linazama kabla ya saa kumi jioni. Naingia ofisini kukiwa giza, natoka kukiwa giza. Siku za kazi zilipita kwa sababu kazi ilikuwepo. Jumapili ndiyo ilikuwa mtihani. Maduka karibu yote yamefungwa kisheria, mitaa imetulia, na ndani ya jengo huruhusiwi kelele siku nzima, hata kutoboa ukuta kutundika picha. Niliwahi kumaliza Jumapili tatu mfululizo bila kutamka neno kwa mtu aliye mbele yangu.

Nikawa naishi kwenye simu. Napiga nyumbani, nafuata misiba na harusi kwa picha. Majira ya baridi tofauti ya saa ni mbili, kwa hiyo nikimaliza kula jioni wao wanaenda kulala, na mimi nabaki na usiku wote. Baadaye nilitambua simu ile ilikuwa inaninyima kitu. Kila saa niliyokuwa nao ilikuwa saa ambayo sikuwa Berlin, na Berlin haikujua kama nipo.

Jambo la pili nililokosea ni kungojea kualikwa. Mtu wa kwetu akikupenda atapita kwako bila taarifa, na mgeni hupokelewa. Hapa kufika kwenye mlango wa mtu bila kumwambia ni kumtia mashaka. Atadhani kuna tatizo. Watu wanapanga kukutana wiki mbili mbele, wanaandika kwenye kalenda, na siku ikifika wanakuja kweli, dakika tano kabla. Nilikuwa nikiona kupangiana tarehe na rafiki ni kama kwenda kwa daktari. Sasa naliona kwa jicho jingine: mtu anayekupa Alhamisi ya wiki ijayo amekutengea wewe, amekataa wengine.

Aliyenifungua macho ni jirani wa ghorofa ya tatu, mama mtu mzima aliyestaafu. Nilijifungia nje, milango ya hapa ikijibamiza haifunguki bila ufunguo, na fundi wa kufuli usiku anadai hela ya kutisha. Nikakaa ngazini. Akanikaribisha kwake hadi asubuhi ofisi ya mwenye nyumba ilipofunguliwa. Kwenye mazungumzo akaniuliza, "Uko kwenye Verein gani?" Nikamwambia siko popote. Akashangaa sana, kana kwamba nimemwambia sina jina.

Verein ni chama kilichosajiliwa cha watu wenye kupenda jambo moja: mpira, kwaya, bustani, ufugaji wa nyuki, sataranji, chochote. Wanachama wanalipa ada, wanachagua mwenyekiti na mweka hazina, wanakutana siku maalumu. Nilijiunga na cha mpira wa meza, Jumanne saa moja jioni, kwenye ukumbi wa shule. Wiki nane za mwanzo hakuna aliyenichimba maisha yangu. Tunacheza, tunakunja meza, tunaagana. Wiki ya tisa nikapata mafua, sikwenda. Saa mbili usiku ujumbe ukaingia, kisha mwingine, kisha wa tatu: uko wapi, unaumwa, tukuletee nini? Niliusoma ule wa kwanza mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema hapa.

Hapo ndipo nilipoelewa namna mji huu unavyofanya kazi. Kinachowasogeza watu karibu ni kurudi. Unarudi mahali palepale, siku ileile, saa ileile, mpaka kutokuwepo kwako kuonekane.

dada_wa_zamu

Kaka, pole na hongera. Lakini naomba nikupinge kidogo, maana unaongea kama mtu wa ofisi. Mimi ni nesi, mwaka wa sita hapa Berlin, na kwetu hospitali urafiki unaota kazini hukohuko.

Sisi hatuna saa kumi na moja ya kuagana. Kuna zamu ya mapema, ya mchana na ya usiku, na sheria inataka kwa kawaida upumzike saa 11 kati ya zamu na zamu, hospitalini wakati mwingine 10. Usiku mkiwa wawili wodi nzima, mkaosha maiti pamoja saa tisa, huyo hawezi kuwa mtu wa "schönen Feierabend" tu. Rafiki zangu wakubwa nimewapata hivyo: mmoja kutoka Ufilipino, mmoja Mpolandi, mmoja mama wa Kijerumani aliyezaliwa mashariki ya mji kabla ukuta haujaanguka mwaka 1989. Huyu wa mwisho ndiye aliyesimama nami siku ya ndoa yangu.

Kikwazo chetu ni lugha. Ili cheti cha unesi kitambuliwe, kwa kawaida unatakiwa Kijerumani cha kiwango cha B2, yaani cha mtu anayejimudu vizuri, na mimi nilikifaulu vizuri. Siku ya kwanza wodini mzee mmoja akaniambia jambo, sikushika hata neno. Darasani tulifundishwa "ich" ndiyo "mimi". Yeye anasema "ick". "Das" kwake ni "dit". Ile ni lahaja ya Berlin na haimo kwenye kitabu cha kozi. Nililia kwenye chumba cha dawa. Mama yule wa Kijerumani akawa ananifundisha sentensi tano kila usiku.

Halafu kuna "Sie" na "du". Hii sisi Waswahili tusiione ngumu, tuna shikamoo. "Sie" ni ya heshima, kwa mgonjwa, daktari, mtu usiyemjua. "Du" ni ya mlio karibu. Aliye mkubwa ndiye anayetoa ruhusa ya kuhamia "du". Mgonjwa wangu mmoja wa miaka tisini aliniomba nimwite "du" wiki moja kabla hajafariki. Bado namkumbuka.

Mleta uzi

Dada, umenisahihisha na nimepokea. Nilizungumza kwa niaba ya wote nikiwa nimeona ofisi moja tu. Asante kwa hilo la zamu ya usiku.

mpita_njia

Mbona hamtaji ubaguzi? Semeni ukweli.

Mleta uzi

Upo. Nitasema niliyoyaona mwenyewe.

Kutafuta nyumba niliandika barua pepe zaidi ya sitini. Majibu mawili. Kuna nyumba moja niliambiwa imeshachukuliwa. Mwenzangu wa mpira wa meza, mwenye jina la Kijerumani, akaandikia tangazo lilelile jioni hiyo, akapangiwa siku ya kwenda kuiona. Alikuja kunionyesha jibu hilo akiwa amekasirika kunizidi mimi. Nilichohisi siku ile ni uchovu, na aibu ambayo haikuwa yangu kuibeba.

Sheria zipo. Ujerumani ina sheria ya usawa tangu mwaka 2006 inayohusu kazi na makazi, na madai yake yanatakiwa kufikishwa ndani ya miezi 2, kwa hiyo hifadhi barua zako na tarehe. Berlin imeongeza yake mwaka 2020, inayohusu ofisi za umma za mji. Kuna vituo vya ushauri vya bure. Mimi sikudai, nilikuwa nataka paa juu ya kichwa tu. Leo ningedai.

Kwenye treni mara nyingi ni macho tu. Mara mbili imekuwa maneno. Mara moja kati ya hizo mbili mwanamke niliyekuwa simjui alisimama kati yangu na yule aliyekuwa akinitolea maneno, hakukaa mpaka mtu yule aliposhuka. Nayasimulia yote mawili kwa sababu yote mawili yalitokea kwenye behewa moja.

mzee_wa_wedding

Wanangu, nimewasoma tangu juu. Nipo mji huu tangu miaka ya themanini. Naomba niongeze kitu ambacho vijana wengi wanakikanyaga kila siku bila kukiona.

Mnadhani ninyi ndio wa kwanza kuwa wapweke hapa kwa Kiswahili. Kiswahili kimefundishwa Berlin tangu mwaka 1887, ilipofunguliwa taasisi ya lugha za mashariki. Walimu waliletwa kutoka pwani yetu. Mtoro bin Mwinyi Bakari alifika mwaka 1900 kufundisha, akaoa humu, na humu alifariki mwaka 1927.

Baada yake kuna Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana hapa kama Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akiwa mtoto akatumikia jeshi la Wajerumani pamoja na baba yake katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1929 akaja Berlin kudai malimbikizo ya mishahara ambayo hawakulipwa. Hakulipwa. Akabaki, akawa mhudumu wa mezani kwenye jumba la starehe la Haus Vaterland pale Potsdamer Platz, na kwa malipo kidogo akawa anasaidia kufundisha Kiswahili. Mwaka 1941 utawala wa Wanazi ukamkamata kwa sababu ya uhusiano na mwanamke mzungu. Alifia kambi ya mateso ya Sachsenhausen, kaskazini ya mji, tarehe 24 Novemba 1944. Mbele ya Brunnenstraße 193, alipokuwa akiishi, kuna jiwe dogo la shaba limepandwa kwenye njia ya waenda kwa miguu mwaka 2007. Jina lake lipo pale.

Nendeni pia Wedding, eneo ninaloishi, mshuke kituo cha Afrikanische Straße kwenye treni ya chini ya ardhi ya U6. Mtakuta mitaa ya Zanzibar, Tanga na Usambara, majina ya enzi za ukoloni. Lakini ule uliokuwa Petersallee, jina la mkoloni Carl Peters, watu walipigania ubadilishwe jina miaka mingi, na Agosti 2024 sehemu yake moja ikaitwa Maji-Maji-Allee. Na eneo la Neukölln, mtaa uliokuwa na jina la Wissmann, gavana wa Kijerumani aliyetupiga, tangu 2021 unaitwa Lucy-Lameck-Straße. Lucy Lameck wetu, mwanasiasa wa Kilimanjaro. Siku ya kwanza nilipokiona kibao kile nilivua kofia.

Mleta uzi

Mzee, shikamoo.

Nimepita Brunnenstraße mara nyingi nikienda kwa rafiki. Sikujua. Leo baada ya kazi nimekwenda. Jiwe lina ukubwa wa kiganja, lazima uiname ulisome. Nimefikiria mtu aliyekuja kudai haki yake ya kazi, akafundisha lugha yetu jioni, akazoea mji huu miaka kumi na miwili mpaka walipomchukua. Kuna watu walipita wakanitazama nimechuchumaa. Mama mmoja akasimama, akaniuliza kama namjua. Nikamwambia tunazungumza lugha moja.

mzee_wa_wedding

Marahaba mwanangu. Umefanya vema.

mwanafunzi_B1

Nimesoma yote na machozi yamenitoka kidogo. Wakuu, mimi natua Berlin tarehe 3 mwezi ujao, mkataba ninao, chumba cha kupanga kwa miezi mitatu ninacho. Nianze na nini?

Mleta uzi

Mdogo wangu, karibu sana.

Anza na Anmeldung, kujiandikisha makazi kwenye Bürgeramt, ofisi ya wananchi. Sheria inakupa wiki 2 tangu uhamie. Utahitaji karatasi aliyosaini mwenye nyumba kuthibitisha kwamba unaishi pale, kwa hiyo muulize leo kama ataisaini. Akikataa, tafuta chumba kingine kabla hujalipa. Miadi ya ofisi hiyo ni shida kupata, fungua tovuti yao asubuhi na mapema, angalia wilaya zote 12, ofisi yoyote ya Berlin itakupokea. Bila hiyo namba ya kodi haiji, na benki na mwajiri watakusumbua. Andika jina lako kwenye sanduku la barua siku ya kwanza. Kila kitu hapa kinakuja kwa barua, na mpeleka barua asipoona jina anaondoka nayo.

Ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, itakufuata hata kama huna televisheni. Chumba chako kikiwa ndani ya nyumba ya mtu, muulize kama yeye analipa. Inalipwa mara moja tu kwa nyumba nzima.

Kozi ya lugha endelea nayo. Kila wilaya ina Volkshochschule, shule ya watu wazima yenye ada nafuu, na darasani utakutana na wageni wenzako ambao nao hawana mtu. Siku yako ya kuzaliwa ikifika, keki unaipeleka wewe ofisini; usikae ukisubiri kuletewa kama nilivyokaa mimi mwaka wa kwanza.

dada_wa_zamu

Na vitamini D umuulize daktari. Na koti la kweli, ulinunue hapa, usilinunue huko.

mwanafunzi_B1

Asanteni sana. Nitawatafuta nikifika.

Mleta uzi

Usiseme utatutafuta, tupange. Tarehe 3 utachoka, lala. Jumapili inayofuata, saa nane mchana, njoo Tempelhofer Feld, uwanja wa ndege wa zamani uliofungwa mwaka 2008. Sasa ni bustani ya umma, na watu wanatembea kwenye njia za kurukia ndege. Ingia kwa lango la upande wa Neukölln, mtaa wa Oderstraße. Dada, kama huna zamu njoo. Mzee, tukufuate Wedding au utaweza kufika?

mzee_wa_wedding

Nitafika. Saa nane kasoro dakika tano.

dada_wa_zamu

Natoka zamu ya usiku Jumapili hiyo asubuhi. Nitalala saa chache, nitakuja. Nimeshaandika.